Moshi wa Juu Hauna Mwenyewe

Tangu kilio cha mama, mtu akija kunipa pole halafu akaniuliza jambo linaloanza na "mpaka lini", ninainuka na kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Watu wa mji wetu, Baraka, wanasema nimekuwa na kiburi. Waseme. Zamani nilijibu maswali ya namna hiyo kwa moyo mweupe, na jibu moja nililolitoa nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa matanga, macho yamevimba, ndilo lililowahamisha mama zangu, wakaushaji samaki, kutoka ufukweni.

Nianze na mashine, maana bila mashine habari hii haina kichwa wala miguu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Baraka, shule ambayo ukuta wake wa nyuma unatazama ziwa. Kati ya ukuta huo na maji ndipo palipokuwa na matanuri ya kukaushia samaki: mstari mrefu wa vijumba vya udongo, juu yake waya, juu ya waya mikebuka, samaki wa ziwa letu, imelala ubavu kwa ubavu, na chini moto wa kuni mbichi unaotoa moshi kuliko miali. Mama yangu alikuwa wa kwanza katika mstari ule, kwa umri na kwa sauti. Alinisomesha kwa moshi huo mpaka nikafika chuo kikuu, na niliporudi likizo nilimjua kwa harufu kabla sijamwona uso. Wanawake wote wa matanuri walinukia hivyo, nguo, nywele, hata watoto wao wa mgongoni.

Chuoni nilisoma na kijana mmoja ambaye sitamtaja. Hakuwa mchumba wangu, niseme mapema, maana kwetu mwanamke akimlalamikia mwanamume watu hukimbilia huko. Alikuwa rafiki. Tuligawana kitabu kimoja na sahani moja ya maharage, na mmoja akiugua mwenzake alimwandikia masomo. Yeye aliendelea mbele hadi akawa daktari wa elimu ya hewa huko mjini, mimi nikarudi nyumbani kufundisha. Alipotafuta mahali pa kuweka chombo cha kupimia vumbi na moshi wa angani, alinikumbuka. Nilifurahi mno. Nilidhani dunia ya masomo ilikuwa imenisahau, kumbe kuna mtu mmoja alikuwa bado ananihesabu.

Chombo kilikuja kwenye gari la mizigo, kimezungushiwa magodoro. Ni kisanduku kinachotosha kukumbatiwa, kina jicho la kioo, na tulikifunga juu ya paa la shule kikielekea kaskazini, sambamba na ufukwe. Hakitoi mwanga wowote, kinapokea tu mwanga wa mchana. Kwanza jicho linatazama chini kabisa, pale mbingu inapogusa maji. Kisha linainua kichwa kidogo, linatulia, linainua tena, mpaka linatazama juu wima, halafu linarudi chini na kuanza upya, mchana kutwa bila kuchoka. Mwanga unaoliingia likiwa limeinama umepita njia ndefu ndani ya hewa ya chini, kwa hiyo umebeba habari nyingi za moshi wa chini. Likipanda, habari za chini zinapungua. Ukilinganisha ngazi moja na nyingine, hesabu inakwambia moshi umelala wapi: hapa tunapopumua, au usawa wa vilima, au juu zaidi. Mtu anakaa chini na kujua yaliyoko juu bila kupanda popote, na mimi, ambaye tangu nianze kufundisha nilikuwa nachora mwanga ubaoni kwa chaki, nililipenda jicho lile kupita kiasi.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alilipandishia nyusi siku ya kwanza.

"Hii mashini iko naangalia nini juu? Inatafuta ndege ya vita?"

Haukuwa mzaha mtupu. Kwetu kitu kinachotazama angani kinawatia watu baridi tumboni, na mimi mwenyewe nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwahakikishia kwamba hakiiti ndege wala hakipigi picha za mtu.

"Inatafuta moshi, mama mudogo."

"Moshi? Na isumbuke yote hiyo? Si ikuje kwangu, mi nitaipatia."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaacha samaki wake waungue.

Lakini moshi ulikuwa na kesi. Wanafunzi walikohoa, mkuu wa shule alilalamika, na kulikuwa na kamati iliyoundwa kushughulikia usafi wa ufukwe, yenye watu wawili watatu waliolitamani eneo lile kwa mambo yao. Mimi sikuwahi kusema moshi wa mama zetu ni manukato. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, ulitambaa hadi madarasani, na nilifundisha nikiwa nafuta machozi. Rafiki yangu alijua yote hayo. Ndiyo sababu alikwenda uani kwa mama, akaketi kwenye kigoda, akaongea kwa adabu.

"Mama, tukijua moshi yenu inafika wapi, na ile ya mbali iko wapi, tutaomba projé ya bafadhili ijenge matanuri ya chimine, yenye bomba ya kupandisha moshi juu. Batoto habatakohoa tena. Na ninyi mutabakia hapa hapa."

Hakuwa mwepesi wa kuamini, mama yangu, lakini huyu alikuwa amekula maharage ya binti yake.

"Basi, iangalie," alisema. "Sisi hatuna kitu ya kuficha."

Akamfungia mikebuka mikavu, minene, ya kupeleka mjini. "Usifike kule useme mama ya Baraka alikuacha na njaa, mutoto yangu." Alimwita hivyo, mutoto yangu, na mimi nilisimama hapo nikitabasamu kama mjinga.

Kiangazi kilipokolea, jicho lilianza kuonyesha jambo ambalo macho yetu yalikuwa yakiliona bila kulielewa. Miezi ile watu huchoma mashamba na nyasi kila upande, huku kwetu na ng'ambo ya ziwa, mbali na karibu, na Ubwari yote, ile rasi iliyo mbele yetu ziwani, hufutika kabisa. Sisi tulizoea kusema ni moshi wa matanuri. Picha za mashine zilisema vingine. Kulikuwa na tabaka mbili. Moja nyembamba, chini, ya mama zetu, iliyotoka asubuhi na kusukumwa ziwani upepo ukija. Nyingine nene, usawa wa vilima, iliyokaa mchana kutwa na jioni ikashuka juu ya mji. Nilimpigia simu nikipiga kelele kwa furaha. Naye alipiga kelele upande wake. Tulikuwa tena kwenye meza ya chuo na kitabu kimoja.

Kiangazi kile kile mama akafa. Presha, walisema hospitalini. Asubuhi aligeuza samaki, mchana hakuwepo.

Lazima niieleze desturi ya ufukwe, kwa sababu wageni hawaijui na haikuandikwa popote. Mmoja wa wanawake wa matanuri akifa, moto wote wa mstari unazimwa. Siyo wake tu, wote. Jirani wa karibu wa marehemu ndiye anayeanza: anachota maji ya ziwa, anamwaga kwenye moto wake mwenyewe, kisha wengine wanafuata mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari, na hakuna anayewasha tena mpaka matanga yaanuliwe. Mitumbwi ikifika na samaki, wauze wabichi au waende kwingine. Samaki wanaooza siku hizo wanaitwa fungu la marehemu, na hakuna anayenung'unika. Kwa mama, jirani aliyeanza alikuwa mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, aliyegombana na mama kila siku kuhusu mahali pa kuweka kuni. Alimwaga maji yake akilia kwa sauti hata wavuvi walivua kofia.

Kisha wakaja kukaa na mimi, wote. Nakumbuka jambo moja lililonishangaza katikati ya kulia. Walinukia sabuni. Maisha yangu yote sikuwahi kukaa na wanawake wale wakawa hawanukii moshi, na sasa walikuwa wamenizunguka na harufu ya sabuni ya kipande, na hapo ndipo nilipojua kweli kwamba mama amekufa.

Rafiki yangu alisafiri kutoka mjini kuja kunizikia mama, na barabara yetu mnaijua. Nilimheshimu sana kwa hilo. Alikula sahani ya ugali pamoja na wanaume, kisha akaja kuketi ukingoni mwa mkeka wangu na kunishika mkono.

"Pole sana, dada. Naona bamezima moto."

"Ni desturi."

"Mupaka lini?"

"Mupaka tutaanua kilio."

"Yote? Hata moja haiko nawaka?"

"Hata moja."

"Tangu siku ile ile?"

"Tangu saa ile ile, hata mbele ya kumuosha."

Aliutikisa mkono wangu taratibu. Nilidhani anashangaa jinsi mama alivyopendwa, na nikalia zaidi, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetaka kujua. Nilimsimulia kila kitu, maji ya ziwa, mwanamke mfupi, fungu la marehemu. Juu ya paa, jicho lilikuwa likiinuka na kuinama, kama siku zote, na habari zake zikaenda mjini zenyewe. Mimi sikulikumbuka hata mara moja.

Mvua zilipokaribia, kamati iliitisha kikao katika ukumbi mmoja hapa Baraka, na rafiki yangu akaja kueleza matokeo. Wanawake wa matanuri walikaa nyuma, wamevaa vitenge vya Jumapili. Mama mdogo alikuwa amechukua nafasi ya mama katika mstari na katika sauti pia. Walikuja kusikia habari za chimine.

Alionyesha picha ukutani. Nilizijua picha zile, nilizoea kuziona nzima, kutoka majini hadi juu ya vilima. Hii ilikuwa imekatwa. Iliishia chini, usawa wa mapaa, kama picha ya arusi iliyokatwa ikabaki miguu. Moshi ulipakwa rangi nyekundu, siku baada ya siku, mstari mwekundu mnene. Katikati palikuwa na pengo jeupe.

"Kwa bahati nzuri," alisema kwa Kifaransa, kisha akajitafsiri mwenyewe, "tulipata siku ambazo matanuri yote yalizimwa. Mnaona wenyewe. Moto ukizimwa, hewa ya chini inasafika. Moto ukiwashwa, uchafu unarudi."

Kwa bahati nzuri. Pengo lile jeupe lilikuwa ni kilio cha mama yangu, limebandikwa ukutani, na mzee mmoja wa kamati alikuwa akilionyesha kwa kalamu.

Kabla sijapata sauti, mama mdogo alisimama.

"Baba, hizo siku nyeupe ni gani?"

"Ni katikati ya kiangazi, mama."

"Ni siku za kilio ya dada yangu?"

Rafiki yangu alitazama viatu vyake.

"Ndiyo, mama."

"Aa," alisema mama mdogo. "Ile siku ulikula kwetu."

Akaketi. Mimi ndipo nikapiga kelele, onyesha na ya juu, onyesha picha nzima, na rafiki yangu akanijibu kwa upole wa watu wa mjini kwamba tutaongea kisha. Kamati haikuwa na haja ya picha nzima. Iliyokatwa iliwatosha.

Nilimngoja nje karibu na gari lake.

"Kwa nini ulikata?"

"Dada, unielewe vizuri. Moshi ya juu haina mwenyewe. Nitaambia kamati iifanye nini? Iende kuzima mashamba ya dunia nzima? Banataka kitu yenye banaweza kufanyia kazi, nisipobapatia, projé inakufa. Ya chini iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mama yangu."

"Mama yako alishakufa, dada. Mungu amulaze pema."

Alisema hivyo kwa sauti ya pole, na nadhani aliamini anatoa pole. Hapo ndipo urafiki wetu ulipokatika, si ukumbini. Ukumbini alidanganya kwa kukata picha, na hilo hata mwenye njaa ya kazi anaweza kulifanya. Pale nje alinionyesha kwamba aliketi kwenye mkeka wangu akiwa anapima. Nilimchukia, na bado namchukia, na kama anangoja nilainike kwa sababu ya maharage ya chuo, atangoja sana.

Sikukubali kirahisi. Nilichapisha picha nzima, nikapanda pikipiki kwenda Fizi, kule vilimani, kwa mzee mmoja mwenye cheo ambaye walisema neno lake linasikilizwa. Njia inapanda, na kadiri tulivyopanda ndivyo koo lilivyoanza kuwasha. Kiangazi kilikuwa kinamalizia moto wake wa mwisho. Kwenye kona moja nilimwomba dereva asimame. Chini, Baraka ilionekana safi, mabati yanang'aa. Sisi tuliokuwa juu ndio tuliokuwa ndani ya ukungu mzito wa kahawia. Nilikuwa nimesimama katikati ya ile tabaka iliyokatwa, nakohoa, na nilicheka peke yangu mpaka dereva akaniuliza kama ninaumwa.

Mzee alinipokea vizuri, akatandaza picha mezani. Alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Kidole chake kilipanda kutoka tabaka nyembamba hadi nene.

"Kumbe moshi mingi iko huku kwetu juu."

"Ndiyo, baba."

"Sasa nani anaiwasha?" Alinyanyua macho. "Si ni bale bafugaji ba ng'ombe, ba kule mulimani Bibokoboko? Bo banachomaka majani. Uandike hapa chini, ni bo. Uweke saini, mwalimu, na mi nitajua ya kufanya."

Akanisogezea kalamu.

Mashine inajua moshi uko juu kiasi gani. Haijui umetoka kwa nani. Ule moshi ungeweza kuwa wa wakulima wa Fizi, wa ng'ambo ya ziwa, wa nchi ambayo sitaiona maishani. Na katika miaka hii yetu ya vita, kuandika kwa saini kwamba watu fulani wa mlimani wanaharibu hewa ya watu wa chini si habari ya hewa tena. Kila mtu hapa anajua maneno kama hayo yanafikia wapi. Nilijua kwamba ningeshika kalamu ile, matanuri ya mama yangebaki. Nilijua pia kuna mama mwingine kule juu, mwenye maziwa na watoto, ambaye hakuwahi kunikosea.

"Mashine haisemi ni ya nani, baba," nilimwambia.

"Basi haisaidii."

Nilikunja picha zangu nikashuka. Njia nzima nilimlaani rafiki yangu, kwa sababu neno lake lilikuwa limegeuka kuwa neno langu: moshi wa juu hauna mwenyewe. Yeye alilisema ili awauze mama zangu, mimi nililisema ili nisimuuze mtu, na matokeo yakawa yale yale.

Kamati iliwahamishia mama zangu ng'ambo ya mto, kwenye matete, mahali ambapo mtumbwi haufiki. Samaki wanabebwa kichwani au kwa pikipiki, na wengi wanafika wamelegea. Habari za chimine sikuzisikia tena. Kiangazi kilichofuata Ubwari ilifutika kama kawaida, na wanafunzi wangu walikohoa kama kawaida, na mkuu wa shule akafunga madirisha. Chombo bado kipo kwenye paa. Rafiki yangu huandika kwa simu: dada, kioo kina vumbi, tafadhali pangusa. Mimi sipangusi, lakini mvua inampangusia.

Wanawake hawakunifukuza. Wananisalimu, wananipa kigoda. Ila nikifika, maneno yanabadilika, wanaongea habari za bei ya chumvi.

Mwaka huu alikufa yule mwanamke mfupi mwenye kicheko, yule aliyemwaga maji ya kwanza siku ya mama. Nilioga, nikavaa, nikaenda kukaa kilioni tangu asubuhi. Mikeka ilikuwa na majirani na watu wa kanisa. Wanawake wa matanuri sikuwaona. Nikatazama upande wa mto, na juu ya matete moshi ulikuwa unapanda, mwingi, mstari mzima, kama siku ya soko.

Mama mdogo alifika jua limepinduka, na kitenge chake kina majivu. Nilimfuata hadi mlangoni.

"Mama mudogo, hamukuzima?"

"Hatukuzima."

"Kwa sababu gani? Huyu ndiye alimuzimia mama moto."

Alitazama juu ya mapaa, kuelekea shuleni.

"Ile jicho yako ingali naangalia?"

"Ingali."

"Tukizima, wataona kweupe. Watasema tena, munaona, moshi yote ni ya bo." Akavua kandambili zake. "Sasa hatuzimie mutu tena. Hata mi nikikufa, musizime."

Akaingia, akaketi chini kwenye mkeka kati ya wafiwa, na wenzake wa matanuri wakaja nyuma yake mmoja mmoja, nao wakaketi. Nyumba yote ya kilio ikanuka moshi.